Usiiache Hofu Ikusemee

Wazee wetu walisema: Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Maneno hayo ni ya kweli. Mtu aliyeona mto umefurika akakataa kuvuka, jioni yuko nyumbani kwake, anakula pamoja na watoto. Yule aliyejifanya hodari, watu wanamtafuta kwa mitumbwi. Basi, hofu yenyewe si kitu kibaya. Mungu ametupa hofu kama alivyotupa macho, ili tuone hatari na kujilinda.

Lakini iko hofu ya namna nyingine. Hiyo haimlindi mtu, humfunga. Humkaa kooni kama mwiba wa samaki. Kijana anaulizwa na baba yake, "Mwanangu, wataka kazi gani?" Naye ajibu, "Yoyote upendayo, baba." Msichana anaulizwa, "Mwanangu, huyu aliyeleta posa, wampenda?" Naye atazama chini na kuikunjakunja ncha ya kanga yake. Shangazi wasema, "Amenyamaza, basi amekubali." Kumbe wote wawili walikuwa na jibu jingine moyoni. Hofu ndiyo iliyowajibia. Na hofu ikizoea kumjibia mtu mwaka baada ya mwaka, mwisho yeye mwenyewe husahau alitaka nini.

Wasomaji wapenzi, leo tutazame maisha ya mwanamke mmoja wa Afrika ambaye hofu ilimnyang'anya karibu kila kitu, hata jina lake. Huyo ni Mtakatifu Josephine Bakhita. Wengi wenu mnalijua jina hilo, na labda yumo binti nyumbani mwenu aliyebatizwa kwa jina hilo. Lakini si wote wajuao kwamba mtakatifu huyo alikuwa mtu wa hofu nyingi, na kwamba maisha yake yote yaligeuka siku alipothubutu kusema alitakalo.

MTOTO ALIYESAHAU JINA LAKE

Alizaliwa mnamo mwaka 1869 katika nchi ya Darfur, magharibi ya Sudan. Baba yake na mama yake walikuwa watu wenye shamba na mifugo, na watoto wengi. Siku zile wakamataji wa watumwa walizunguka nchi nzima. Kwanza walimwiba dada yake mkubwa. Mama alilia sana, na kilio kile mtoto hakukisahau.

Alipokuwa na umri wa miaka minane hivi, alikuwa akitembea na mwenziwe kandokando ya mashamba. Watu wawili wasiojulikana wakawatokea. Mmoja akamwambia yule mwenziwe atangulie. Kisha akamwambia yeye, "Nenda kichakani ukaniletee mzigo wangu niliousahau." Mtoto aliyelelewa vema hatii wazazi wake tu, hutii kila mtu mzima. Akaenda. Kule kichakani mtu yule akamshika, akamwonyesha kisu, akamwambia akipiga kelele atakufa.

Walipomwuliza jina lake, hakuweza kujibu. Ulimi ulikuwa umekufa kinywani. Basi wakamwita Bakhita, maana yake kwa Kiarabu ni mwenye bahati. Ndilo neno lililo ndugu wa neno letu "bahati." Fikirini dhihaka hiyo: mtoto ameibwa kwa mama yake, naye aitwa mwenye bahati! Tangu siku ile hakulikumbuka tena jina alilopewa na wazazi wake. Alikufa mzee bila ya kulikumbuka.

Je, yawezekana mtu kusahau jina lake kwa hofu? Ndiyo. Madaktari wa siku hizi hutueleza jinsi ilivyo. Hofu kuu inapompata mtu, moyo hupiga mbio, kinywa hukauka, na nguvu zote za mwili hutayarishwa kwa kukimbia au kupigana. Wakati huo ile kazi ya ubongo ya kupima mambo na kutafuta maneno hufifia. Ukimkanyaga nyoka, hilo ni jambo la kushukuru, kwa sababu miguu yako huruka kabla hujafikiri. Lakini mtu aliyekaa katika hofu miaka mingi, mwili wake haujui kwamba nyoka ameondoka. Kila aulizwapo neno, koo lafungwa. Ndiyo maana wahenga wakasema: Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Bakhita alijaribu mara moja kutoroka, pamoja na mtoto mwenziwe. Wakatembea usiku kucha, kisha wakaangukia mikononi mwa mtu aliyewafunga minyororo katika zizi la kondoo, akawauza tena. Akauzwa El Obeid, kisha akauzwa mara nyingine. Katika nyumba ya afisa mmoja wa Kituruki alipigwa karibu kila siku. Huko walimchanja mwili kwa wembe, wakatia chumvi katika vidonda ili alama zisifutike. Alama hizo zilikuwa 114.

Mtumwa haulizwi, "Wataka nini?" Akionyesha kwamba ataka kitu, fimbo iko juu yake. Basi Bakhita akajifunza kutotaka kitu. Hilo ndilo tendo baya kuliko yote ambalo hofu humtendea mwanadamu.

MSALABA ULIOFICHWA

Mwaka 1883 alinunuliwa na Mwitalia mmoja aliyeitwa Callisto Legnani, mkubwa wa ubalozi mdogo wa Italia mjini Khartoum. Kwa mara ya kwanza akakaa katika nyumba isiyo na fimbo. Na tazameni ajabu: penye amani kidogo, haja ya moyo ikaanza kuamka. Vita vya Mahdi vilipokaribia Khartoum, Legnani alitaka kurudi kwao. Bakhita akathubutu kumwomba amchukue pamoja naye. Kwanza alikataliwa, kwa kuwa safari ilikuwa ya gharama. Akaomba tena, akakubaliwa. Mwaka 1885 akafika Italia.

Huko alipewa familia ya rafiki ya Legnani, jina lake Michieli, waliokaa Zianigo, karibu na mji wa Venice. Akawa yaya wa binti yao mdogo aliyeitwa Mimmina. Alimpenda sana mtoto yule. Msimamizi wa mali za familia hiyo, Bwana Illuminato Checchini, alimpa msalaba mdogo wa fedha. Bakhita hakuwa amefundishwa dini bado. Lakini kila alipoutazama msalaba ule alisikia kitu moyoni asichoweza kukieleza. Akauficha, akawa akiutazama kwa siri, akihofu bibi yake asije akamnyang'anya.

Ndugu msomaji, si wewe pia una kitu kama hicho? Pengine ni nia ya kujifunza useremala, au kurudi shule, au kumwomba ndugu yako msamaha mliogombana miaka saba. Umekificha. Wakitoa na kukitazama usiku, watu wamelala, kisha wakirudisha mahali pake. Kukificha si ishara kwamba hukitaki. Labda ndicho unachokitaka kuliko vyote.

NENO LA MWAKA 1889

Familia ile ilikuwa na hoteli Suakin, pwani ya Bahari ya Shamu. Mwaka 1888 bibi wa nyumba alipokuwa akienda kumsaidia mumewe huko, aliwaacha Mimmina na Bakhita kwa Masista wa Canossa mjini Venice, katika nyumba ya kuwafundisha wale waliotaka ubatizo. Pale ndipo Bakhita alipofundishwa habari za Mungu aliyemwumba na kumpenda. Masista hawakumharakisha. Walimweleza pole pole, wakangoja maswali yake.

Mwaka 1889 bibi akarudi. Akasema, "Funga mzigo, twende Afrika." Bakhita akajibu kwamba yeye haendi. Ataka kubaki na kubatizwa.

Tusidhani jambo hilo lilikuwa jepesi. Bibi huyo hakuwa mkatili kama wale wa Sudan. Bakhita alimpenda, na Mimmina alimpenda zaidi. Bibi alimkasirikia, akamsihi, akamwambia hana shukrani. Mtoto alilia. Bakhita mwenyewe aliumia sana moyoni. Hakumtukana mtu, hakupiga kelele. Alishika neno lake moja tu: hatoki katika nyumba ile, kwa maana hataki kumpoteza Mungu.

Shauri likawa kubwa. Mkuu wa masista akapeleka habari kwa Patriarka wa Venice, na mwanasheria wa serikali akaulizwa. Tarehe 29 Novemba 1889 hukumu ikatoka: Nchi ya Italia haikubali utumwa. Bakhita ni mtu huru, na ana haki ya kuamua mwenyewe. Tarehe 9 Januari 1890 akabatizwa, akapewa majina Josephine Margaret. Siku hiyohiyo akapata Kipaimara na Komunyo ya kwanza.

Mtu aliyenyang'anywa jina kwa hofu, sasa akapewa majina mapya kwa hiari yake.

HOFU YA PILI

Wengine watasema, "Basi, tangu hapo hakuogopa tena." La, sivyo. Baada ya ubatizo alianza kutamani kuwa mtawa kama wale masista. Hofu ikarudi. Alijiuliza kama wangempokea yeye, mwanamke mweusi aliyekuwa mtumwa. Akanyamaza muda mrefu. Mwisho akamwambia padre aliyemwungamia. Padre akamshauri amweleze mkuu wa masista. Akaenda, akasema, akapokelewa kwa furaha. Tarehe 7 Desemba 1893 akaingia unovisi. Kabla ya nadhiri aliitwa mbele ya Patriarka, Kardinali Giuseppe Sarto, aliyekuja kuwa Papa Pius wa Kumi mwaka 1903. Kardinali akamwambia aweke nadhiri zake bila hofu. Akaziweka tarehe 8 Desemba 1896.

Mwaka 1902 alihamia Schio, akaishi huko karibu maisha yake yote yaliyosalia. Alipika, alishona, alidarizi, alitunza sakristia, na alikuwa mfungua mlango. Hakugeuka kuwa mtu wa maneno mengi. Katika miaka ya 1930 masista walimtembeza miji mingi ya Italia ili watu wasikie habari zake, naye mbele ya watu alisema maneno machache tu, mwenziwe akasimulia yaliyobaki. Hata katika ugonjwa wake wa mwisho hofu ya zamani ilimjia. Alidhani yumo tena utumwani, akamwomba mwuguzi amlegezee minyororo kwa kuwa ni mizito. Alikufa tarehe 8 Februari 1947. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000.

Nimeyaeleza hayo kusudi. Watu wengi hungoja hofu iishe ndipo waseme. Wangoja mwaka, wangoja kumi. Bakhita hakungoja. Hofu yake haikwisha hata siku ya kufa, lakini alisema pamoja nayo. Ushujaa ni huo.

TUTAJUAJE LILILO LETU KWELI?

Mtu atauliza, "Je, kila nitakalo ni la kweli? Mbona jana nilitaka baiskeli, leo nataka radio?" Swali jema. Tamaa nyingi hupita kama mvua ya vuli. Mtu aweza kujipima kwa mambo haya:

Kwanza, je, ladumu? Tamaa ya jirani kuwa na kitu huisha jirani akihama. Haja ya kweli hukaa hata ukiisahau mwezi mzima, kisha yarudi.

Pili, je, nakubali gharama yake? Bakhita alitaka kubaki Venice, na gharama yake ilikuwa kuachana na Mimmina. Atakaye ufundi, na akubali kubeba mbao za mwalimu wake miaka miwili kwanza.

Tatu, je, ningelitaka hata kama hakuna atakayenisifu? Na nne, je, lamdhulumu mtu? Likimdhulumu mkeo, au mume wako, au watoto, hata kama lina nguvu, si la kufuatwa.

Jambo likipita katika maswali hayo manne, usilizike. Litafutie mtu wa kulisikia.

WAZAZI, SIKIENI HAPA

Wako wazazi wanaofurahia nyumba ya kimya. Baba akiingia, watoto wote kimya. Akiuliza, wote "Ndiyo, baba." Mzazi adhani hiyo ni heshima. Pengine ni heshima, pengine ni hofu. Ukitaka kujua, angalia kama mtoto aweza kukuambia "La, baba" kwa adabu, akatoka salama. Kama hawezi, basi siku moja atakujibu kwa miguu: utaamka asubuhi na kukuta ameondoka kwenda mjini usiku. Au atatii, atakaa, na uchungu wake utatokea katika pombe. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Katika jambo la ndoa hasa, yafaa kila mzazi ajue sheria. Kanisa lasema wazi katika Sheria ya Kanuni ya mwaka 1983, kanuni ya 1103, kwamba ndoa iliyofungwa kwa kulazimishwa, au kwa hofu kubwa iliyotoka nje ya mtu, si ndoa. Ndiyo sababu padre huwauliza maarusi, mbele ya watu wote, kama wamekuja kwa hiari yao. Kwa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo yataka kila mmoja wa maarusi akubali kwa hiari yake. Kadhalika utawa: anayepokelewa unovisi kwa kulazimishwa au kwa hofu kubwa, kupokelewa kwake ni batili. Mama anayemsukuma binti yake konventini ili apate sifa parokiani, na baba anayemsukuma binti yake kwa mume kwa ajili ya ng'ombe, wote wawili wafanya kosa lile lile.

Je, maana yake mtoto afanye apendavyo? Hasha. Kusema si kupata. Mzazi akiisha kusikia, aweza kukataa, na atoe sababu: hatuna karo mwaka huu, kijana yule ni mlevi, twamjua. Mtoto aliyesikilizwa kisha akakataliwa kwa sababu ana maumivu, lakini hana minyororo. Tena baba, usimwulize mtoto mwenye hofu mbele ya watu kumi. Mwulize mkiwa wawili, shambani au njiani, kisha nyamaza. Umpe nafasi. Masista wa Venice walingoja.

NA WEWE MWENYE HOFU

Usianze kwa kusimama mbele ya baraza. Bakhita alipotaka utawa alianza na mtu mmoja, padre wake. Nawe mtafute mmoja: shangazi, mjomba, katekista, mwalimu, bibi yako. Mchague asiyechukua maneno ya mtu na kuyapeleka kisimani. Mwambie kwa sentensi moja, "Jambo ninalolitaka ni hili." Sauti ikitetemeka, iache itetemeke. Kisha mwombe afuatane nawe kwa yule mwenye neno la mwisho.

Hofu ni kama mbwa wa jirani. Ukikimbia kila siku, atakufukuza kila siku. Ukipita pole pole, leo hatua kumi, kesho ishirini, atabweka, lakini mwisho atakuzoea. Madaktari wa nafsi hutumia njia hiyo hiyo kwa wagonjwa wao: kulikaribia jambo la hofu kidogo kidogo, bila kuruka na bila kukimbia, mpaka mwili ujifunze kwamba hakuna nyoka.

Na kama unakaa mahali ambapo kusema ni hatari kweli, penye kipigo, basi hofu yako yasema kweli, isikilize. Usiseme hapo. Ondoka kwanza, au tafuta msaada kwa balozi wa nyumba kumi, kwa padre, au kwa polisi. Bakhita hakuweza kusema Sudan katika nyumba ya fimbo. Alisema Venice, palipokuwa na watu wa kumlinda.

Baba na mama, jioni moja ya juma hili, chakula kikiisha, mwulizeni kila mtoto swali moja tu: "Wewe, mwanangu, wataka nini hasa?" Akisema "Sijui," msimkemee. Pengine ameanza kutafuta. Mwulizeni tena juma lijalo.